Chembe Elfu Tatu Tumboni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Lori limeingia yadi ya forodha hapa Malaba, mpakani, leo asubuhi na kuegeshwa mbele ya kibanda changu. Mbele kabisa! Limenizibia jua, limenizibia wateja. Si kwamba wateja walikuwepo. Lakini wangekuja, wangezibiwa.

Trela nyeupe, haina maandishi hata moja. Inavuma hata injini ikizimwa. Mvumo mdogo tu, unausikia kwenye meno kabla ya masikio. Nimemuuliza dereva, jina lake Perez, amebeba nini. Akasema hajui, ameambiwa tu aendeshe polepole na asiweke simu karibu na mlango wa nyuma. Nikauliza wakala wake wa forodha ni nani. Kariuki! Nilijua tu. Kariuki ana ofisi ya vioo na kiyoyozi. Mimi nina kibanda na mwavuli. Ombi langu la leseni ya uwakala lina mwaka wa nne sasa. Sijalipeleka, lakini limeandikwa vizuri.

Jambo moja sikulipenda. Mbwa wa yadi, wote saba, wamelala mstari mmoja wakilitazama lori. Hawabweki, hawajikuni. Nimewarushia mfupa. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Jioni Amongin alinisubiri mlangoni. Mke wangu si mtu wa kelele, ndiyo maana nikishaona ananisubiri mlangoni najua kuna neno. Amesema mvua inakaribia na shamba la chini halijalimwa. Anataka kitu kimoja tu: wiki moja ya jembe langu, sisi wawili, tupande maharagwe. Akaongeza kwa sauti ileile ya chini kwamba nikileta mpango mwingine humu ndani, atarudi kwao Angurai. Hatapigana, hataaga.

Bado anakumbuka mkojo wa sungura niliotaka kuuza kama mbolea. Na ile mashine yangu ya kutabiri foleni ya malori. Wanawake na kumbukumbu! Nimeapa kwa kaburi la baba kwamba mpango mwingine hauingii humu ndani. Kesho jembe.

Jumanne, 4 Machi

Jembe limengoja. Kuna jambo limetokea, na mwanamume hawezi kulima wakati jambo linatokea.

Mwenye mzigo amefika. Nilitarajia mzee wa suti. Kumbe ni mwanamke mfupi aliyevaa gambuti, Daktari Naliaka, mzaliwa wa Butula, amesoma Ulaya mpaka wakachoka naye. Karatasi zake zimekwama. Kariuki hawezi kupata namba ya ushuru ya huo mzigo. Kitabu cha forodha kina namba ya kila kitu, kuanzia punda hadi meno ya bandia, lakini hiki hakimo. Nilifurahi sana. Nikamletea daktari kiti.

Ameniambia amebeba antimata. Nikasema ahaa, antimata, kama mtu anayeivusha kila wiki. Alicheka, akanieleza bila kuniaibisha. Kwamba kila chembe iliyoijenga dunia ina pacha wake wa kinyume. Kwamba pacha hao wakigusana, wote wawili wanatoweka. Hakibaki jivu wala moshi, ni mwanga tu. Na kwamba hakuna mafuta yenye nguvu kama hayo. Gramu moja ingefanya kazi ya malori mia moja ya petroli! Chombo cha anga kinachochukua miezi saba au minane kufika Mars kingefika kwa wiki chache.

Nilimuuliza kama inawezekana kweli. Akasema kwenye ubao wa darasa inawezekana, kwenye mtungi bado. Antimata yote ambayo binadamu wamewahi kutengeneza haiwezi kuchemsha kikombe kimoja cha chai. Yeye mwenyewe ana chembe elfu tatu basi, miaka kumi na mmoja ya maisha yake, anazipeleka upande wa Uganda kwa jaribio dogo la namna ya kusukuma chombo. Zimening'inia katikati ya mtungi, zimeshikwa na umeme na sumaku zinazopozwa kwa heliamu, ile gesi ya maputo, hazigusi ukuta. Humo ndani wametoa hata hewa. Akasema ni patupu kuliko mwezini.

Aliniruhusu niweke sikio. Nilisikia mvumo. Halafu chini ya mvumo nikasikia kitu kinahema. Niliondoa sikio, kikanyamaza. Nikarudisha, kikahema tena. Nadhani ni mimi. Sina hakika.

Betri yake ya akiba imekwisha kwenye foleni. Ameniomba umeme. Waya mweusi sasa unatoka kwenye soketi ya kibanda changu mpaka lorini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mzee wangu, akasema ananiomba neno moja tu: plagi hiyo isiguswe. Hakumwambia Kariuki. Ameniambia mimi! Na Kariuki alikuwa anapita, akaona jinsi nilivyoshikwa mkono. Uso wake leo ulikuwa mtamu kuuangalia.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Amongin alitoka kanisani na majivu kwenye paji la uso. Akaniuliza habari ya jembe. Nikasema kesho. Alinitazama muda mrefu bila kupepesa macho, na ule msalaba mweusi nao ukanitazama. Kisha akaenda shambani peke yake. Nilimsikia akilima. Tap, tap, tap, hata baada ya mimi kufika barabarani ambako sauti haiwezi kufika.

Nina mpango. Naandika hapa tu, siupeleki nyumbani, kwa hiyo kiapo kiko sawa.

Mimi si mtoto wa jana. Nimekulia kando ya malori. Nimeona dizeli ikishuka tangu niko darasa la tatu: mpira, mdomo, mtungi. Lori likilala, mzigo unapungua kidogo, na wote wanaendelea na maisha. Sasa haya ni mafuta, si ni mafuta? Daktari ana elfu tatu. Nikichukua mia tano hatajua. Nitaanzisha kampuni kwa jina langu, Ikapel Anga. Vyombo vya kwenda Mars vitahitaji mafuta, na mafuta yatahitaji wakala. Kariuki atanibebea faili.

Tatizo ni mpira. Wangu unanuka dizeli, utaharibu bidhaa. Nimewaza mchana kutwa. Halafu, nimerudi nyumbani, nikauona ukutani mrija wa baba! Mrija wake wa ajon, pombe yetu ya wimbi, wazee wakizunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake. Mrefu, msafi, na una kichujio mwishoni. Kama unachuja makapi ya wimbi utashindwaje na chembe?

Amongin aliuliza naupeleka wapi. Nikasema wazee wameniita tunywe. Akasema leo ni siku ya kufunga. Nikakohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa saba mchana. Daktari na Kariuki wameenda kwa forodha kubishana juu ya namba. Perez yuko kwa Trizah, yule mama wa mandazi, anakula. Yadi tupu. Mbwa saba palepale. Nilitaka kupiga picha ya kihistoria lakini simu ilikuwa imezima, basi nikachomoa ile plagi kidogo nichaji. Umeme ni wangu. Dakika kumi tu.

Nikazunguka nyuma. Kuna bomba dogo pembeni linalotoa moshi mweupe wa baridi. Nikaingiza mrija taratibu, kwa mkono wa kulia, kwa heshima, jinsi baba alivyonifunza. Nikanyonya.

Hakuna kitu. Hakuna ladha wala uzito. Nimewahi kunywa vibaya maishani, lakini sijawahi kunywa kutokuwepo. Kilishuka kooni kikakaa kifuani, baridi kiasi cha yai. Hapo ndipo nikagundua kwamba mvumo umekoma. Sijui ulikoma saa ngapi. Yadi nzima kimya. Wale mbwa wakainuka wote saba kwa pamoja, wakaondoka bila kutazama nyuma.

Nilitaka kusema Mungu wangu. Iliyotoka haikuwa sauti yangu. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto, inasema Mungu wangu kinywani mwangu. Nikasema nani? Ikasema nani? Nilifunga mdomo kwa mikono miwili. Baada ya dakika moja hivi sauti yangu ikarudi, lakini sikuiamini. Nikairudisha plagi mahali pake. Simu ilikuwa asilimia kumi na nne.

Daktari aliporudi alifungua kidirisha cha trela, akatazama kioo kinachohesabu chembe. Akakigonga kwa kidole. Sifuri. Akagonga tena. Hakulia. Alikaa chini kwenye vumbi na gambuti zake mbele yake, akaitazama ile sifuri mpaka Kariuki akaondoka kwa aibu. Mimi pia niliona aibu, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Lakini kichwa changu hakilali. Kama chembe hazimo kwenye mtungi, ziko wapi?

Nimeweka mkono kifuani. Baridi bado ipo. Zote elfu tatu! Na mimi nilikusudia mia tano tu.

Ijumaa, 7 Machi

Lori limegeuza kurudi Nairobi. Daktari alikuja kuniaga. Amenishukuru! Ati nimemsaidia sana na umeme, labda laini ilishuka nguvu, si kosa la mtu. Ataanza upya. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema kumi na mmoja tena, akiwa na bahati. Mdomo wangu ulifunguka nimwambie. Lakini Kariuki alikuwa amesimama pale na kalamu yake. Ulijifunga.

Alininyooshea mkono. Nikaficha mikono yangu mgongoni. Ningefanyaje? Kilichomo ndani yangu kikimgusa, wote wawili mwanga. Aliondoka akifikiri namchukia.

Nimekaa nikapanga sheria. Chembe zimening'inia katikati ya tumbo. Tumbo likibaki tupu hazigusi kitu. Kwa hiyo nisile. Uji kidogo jioni, niumeze kwa upande wa kushoto. Trizah amenipa mandazi, nimekataa, akasema sifa kwa Bwana, Ikapel amebadilika, anafunga Kwaresima.

Nyumbani sufuria kubwa haipo. Asubuhi niliigusa kwa hakika, niliisogeza nipite. Pale ilipokuwa kuna duara safi kwenye masizi. Nilimuuliza Amongin kwa upole iko wapi. Akasema vitu huondoka pale ambapo mtu haviangalii. Nywele zilinisimama. Daktari hakumweleza yeye. Anajuaje?

Jumamosi, 8 Machi

Inaendelea. Leo ni vigoda viwili, taa ya sola, na kuku mwenye vifaranga. Kuku mzima! Jana nilimpiga teke kidogo aondoke mlangoni. Nilimgusa, basi. Kuna unyoya mmoja umebaki. Ukutani nimeona mraba mweupe, nikakaa nikijiuliza hapo palikuwa na nini. Ilikuwa picha yetu ya harusi. Niliipangusa vumbi Alhamisi jioni, nikiutundika tena mrija. Woi, ningejua nisingeigusa.

Na sijasikia mlipuko hata mmoja. Mwanga nimeuona, ndiyo. Nikisimama haraka naona nyota nyeupe pembeni mwa macho. Hizo ndizo sufuria zikienda.

Watu wameanza kuhisi. Nikipita, majirani wananyamaza. Trizah alinitazama leo jinsi watu wanavyotazama jeneza linaposhushwa, akaniambia pole. Pole ya nini? Njiani nilikutana na Otukei, kaka yake Amongin, kwenye pikipiki, amefunga mzigo nyuma na turubai. Otukei ni mtu wa salamu ndefu, atakuuliza hata habari za mbuzi. Leo alitazama kando kama sipo. Na chini ya turubai kitu kikalia kwa sauti ya kuku. Nimeanza kusikia sauti za vitu vilivyotoweka.

Jumapili, 9 Machi

Amongin hakuenda kanisani. Aliketi mbele yangu kwenye debe, kwa kuwa viti havipo. Amevaa rinda lake la safari. Akaniuliza, taratibu sana, kama nina neno lolote la kumwambia.

Nilikuwa nalo. Kubwa! Nilitaka kumwambia kila kitu, mrija, daktari, yai la baridi hapa kifuani. Lakini nilikuwa nimekaa tangu jana bila uji, tumbo tupu safi, na nikifungua mdomo hewa itaingia. Nikatikisa kichwa. Akasema haya.

Halafu alinyoosha mkono anishike shavu. Miezi mingi hajanishika shavu. Nikaruka nyuma mpaka nikagonga ukuta! Mkono wake ulibaki hewani. Aliutazama, akaurudisha mapajani polepole, akaufunika na ule mwingine. Sikuwahi kuona mtu akikunja mkono wake mwenyewe namna hiyo. Nilitaka kulia. Lakini yuko hai, na ni kwa sababu yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Hayupo.

Niliamka jua limetoka, upande wake wa kitanda baridi. Rinda hakuna, kanga hakuna, jembe lake hakuna. Nimeita Amongin. Chumba cha ndani kikaita Amongin. Kwa sauti yangu, kikichelewa kidogo. Nimesema nani huko? Kikauliza nani huko. Humo ndani hakuna kitu hata kimoja, sakafu na kuta tu, na mtu anayesema maneno yangu.

Nimemgusa usingizini. Hakuna maelezo mengine. Nilijifunga mikono kwa kamba kabla ya kulala, lakini mguu nilisahau.

Nilipiga hesabu ili nisifikirie. Amongin ana kilo sitini na tano. Kwa kipimo cha daktari, nguvu hiyo ingesukuma chombo kipite Mars, kipite kila sayari. Na hakuna aliyekwenda popote. Mwanga mtupu, tena nilikuwa nimelala, hata huo sikuuona. Nimelia. Nimelia kuliko nilivyomlilia baba. Kila nilipovuta kamasi, yule wa chumba cha ndani naye alivuta.

Shamba la chini limelimwa lote, nimeliona kupitia dirisha. Mistari imenyooka. Alilimaliza peke yake.

Jumanne, 11 Machi

Yuko hai!

Otukei amekuja na pikipiki. Safari hii alinitazama usoni. Amesema dada yake yuko kwao Angurai tangu jana alfajiri, mzima, pamoja na sufuria yake, vigoda vyake na kuku wake. Amekuja kuchukua kitanda, kwa sababu ni cha mama yao. Niliketi chini nikacheka mpaka akarudi nyuma hatua mbili.

Akanipa ujumbe. Alhamisi wazee wao watakaa. Amongin amesema nije, nisilete kitu chochote, wala maelezo. Nije tu nimshike mkono mbele ya watu wake, nimwambie twende tukapande. Atarudi siku hiyohiyo. Nikikosa, basi, asinione tena. Otukei alirudia mara mbili kama mtu anayempa mtoto dawa. Nimeelewa kila neno. Nampenda mke wangu. Nitakwenda, hata kwa magoti.

Baada ya yeye kuondoka ndipo nikakaa sawasawa. Sufuria iko Angurai. Vigoda viko Angurai. Kuku yuko Angurai na vifaranga wake wote wamehesabiwa. Kila nilichokigusa kimetoka Malaba kikafika Angurai, bila tone la mafuta, bila kishindo! Daktari amekosea! Antimata haiangamizi. Inasafirisha! Walitumia miaka yote hiyo kutengeneza roketi, kumbe roketi haihitajiki, unahitaji tu kuguswa na mtu wa kufaa.

Kitanda peke yake kimekwenda kwa pikipiki. Nadhani kilikuwa kizito.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwandikia daktari barua, kurasa tisa. Nimemwambia inawezekana, na si kwenye ubao. Nimeeleza habari ya kuku kwa undani. Sikueleza habari ya mrija.

Nilikwenda kujipima kwenye mizani ya ghala la mahindi. Nimepungua kilo nne tangu Alhamisi. Mpimaji akasema nile, mzee, upepo utakuchukua. Kilo nne zangu ziko Angurai, zimenitangulia. Kariuki alikuwa pale, akaniuliza bila kejeli kama niko sawa, akataka kuninunulia chai na chapati. Ujanja! Amesikia harufu ya biashara.

Usiku wa leo nitalala tena sakafuni. Nimesema maneno ya kesho kwa sauti, nijizoeze. Amongin, twende tukapande. Yule wa chumba cha ndani ameyasema vizuri kuliko mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda. Nataka ijulikane kwamba nilikwenda.

Nilitembea, kwa sababu nikipanda pikipiki nitamgusa dereva, ataruka nami na tutafika mapema bila kujua kwa njia gani. Nilitoka saa kumi na mbili, nikafika saa sita hivi. Mawingu yalikuwa yameshuka chini sana. Nyuma ya boma lao hakuna kitu kingine, ni mashamba machache, halafu mlima, halafu anga.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya ukingo wa paa. Sufuria yetu ilikuwa motoni. Yule kuku akanitazama. Amongin alitoka nyumbani, akavuka uwanja mpaka katikati, peke yake, amevaa rinda la safari. Akasimama. Akanyoosha mkono.

Nilianza kwenda. Haki, nilianza! Moyo ulikuwa unapiga kwa furaha mpaka nikasahau baridi. Zilibaki hatua thelathini. Halafu hesabu ikanijia yenyewe, na damu ikaganda. Nilimgusa kidogo tu, kwa mguu, usingizini, akatoka Malaba mpaka hapa. Sasa mkono mzima, macho wazi, na mapenzi yote haya niliyo nayo, je, atafika wapi? Nilitazama juu ya kichwa chake. Mlima. Anga. Huko daktari alisema hakuna hata hewa.

Nikasimama. Naye akabaki amesimama, mkono umenyooka. Mvua ikaanza, ile ya kwanza ya msimu, matone makubwa. Hakuurudisha. Mzee mmoja alisema kitu kwa Kiteso, kwamba mwacheni, labda anaona haya. Amongin akaita jina langu. Si kwa ukali. Alilisema jinsi alivyokuwa akilisema zamani, mwaka wa kwanza. Nilikuwa nalia wazi mbele ya wakwe. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikaona uso wake. Nikarudi nyingine.

Nimerudi nyumbani usiku, nimelowa, naandika kwa mshumaa sakafuni. Chumba cha ndani kinasoma pamoja nami kila neno. Kesho asubuhi namtafuta Kariuki, nitamkubali kama mshirika mdogo, maana njia ya Mars itahitaji karatasi na yeye ana leseni. Hatua thelathini ndicho kipimo cha usalama, nimekithibitisha leo mbele ya mashahidi. Nilipofika barabarani niligeuka mara moja tu kuhakikisha. Bado alikuwa amesimama kwenye mvua, yupo, mzima, hapa duniani. Sijui mume mwingine aliyewahi kumfanyia mkewe jambo kubwa hivyo, na siku moja atanishukuru.